Mti wa ukoo wa Rhodri Mawr urekebishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Makala ya ukurasa wa historia ya Jumapili iliyopita kuhusu Rhodri Mawr, mfalme wa Wales wa karne ya 9, imeandikwa kwa Kiswahili kitamu, na ni jambo jema gazeti la Dar es Salaam likitoka kidogo nje ya Napoleon na Shaka Zulu. Ila mti wa ukoo uliochorwa pembeni una mistari isiyo na ushahidi, ramani imempa mfalme nchi ambazo hakuzitawala, na vita vimepangwa shaghalabaghala hadi mwuaji wake kabadilishwa. Kurasa hizi walimu huzikata wakazibandika ukutani darasani, kwa hiyo makosa yake hayafi siku gazeti linapofungiwa maandazi.

Nianze na kifo chake. Makala inasema Rhodri aliuawa na Waviking katika kisiwa cha Anglesey mwaka 877. Hapo yamechanganywa mambo mawili. Mwaka 877 kulikuwa kweli na mapigano Anglesey, ambayo kumbukumbu za Wales zinayaita vita vya Jumapili, na Rhodri alishindwa. Lakini hakufa. Alivuka bahari akakimbilia Ireland, na habari hiyo tunaipata kwa Waairishi wenyewe, walioandika kwamba Rhodri mwana wa Merfyn, mfalme wa Wabritoni (yaani Wawelshi na jamaa zao), amekuja kwao akiwakimbia Wageni Weusi. Hilo ndilo jina walilowapa kundi moja la Waviking. Mwaka 878 alikuwa amesharudi kwake, na ndipo alipouawa pamoja na mwanawe Gwriad. Waliomuua walikuwa Wasaksoni, yaani Waingereza wa wakati ule. Kumbukumbu za Wales zinasema hivyo, za Ireland zinasema hivyo, na sioni sababu ya waandishi wa nchi mbili kukubaliana kuwasingizia Wasaksoni damu ambayo Waviking waliimwaga.

Mwandishi wako ameponzwa na tarehe, na mtego wenyewe umewanasa wengi. Kumbukumbu kongwe kabisa za Wales zimo katika hati ya Kilatini iliyonakiliwa karibu mwaka 1100, ambayo leo imehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, London, kwa nambari Harley 3859. Hazina tarehe kama tunavyozijua sisi. Mnakili aliandika kifupisho cha neno mwaka mara 533, kimoja baada ya kingine, na kila baada ya miaka kumi akaweka tarakimu ya Kirumi: x, xx, xxx, na kuendelea. Mwaka wenye tukio uliandikiwa tukio lake, mwaka usio na tukio ukaachwa mtupu. Ukitaka kujua ni mwaka gani kwa hesabu yetu, inabidi uhesabu vifupisho hivyo, kisha utafute tukio linalojulikana kutoka kwingine uligeuze nguzo ya kushikilia. Ukiuita mwaka wa kwanza 445, kama wanavyofanya wengi, badiliko la siku ya Pasaka la wakati wa Papa Leo linaangukia 453, ilhali lilitokea 455. Tayari umepungukiwa miaka miwili. Huko mbele tofauti inapungua na kuongezeka, maana mnakili akipitiwa na usingizi huruka mwaka au huuandika mara mbili. Kwa hesabu hiyo ya Harley, kifo cha Rhodri kinaangukia 877. Katika kumbukumbu za Ulster, kule Ireland, kukimbia kwake ni 877 na kuuawa kwake ni 878, na hizo ndizo tarehe ambazo wanahistoria wanazifuata. Inaelekea mwandishi wako alichukua kifo kutoka hesabu ya kwanza na vita vya Jumapili kutoka hesabu ya pili, akaona mwaka ni mmoja, akaunganisha.

Swali la haki ni hili: kwa nini Wasaksoni wamuue mfalme aliyekuwa akipigana na Waviking haohao waliokuwa wakiwatesa wao? Jibu liko upande wa mashariki wa Wales, katika Mercia, mmoja wa falme za Waingereza hao. Mwaka 877 jeshi la Wadenmark, yaani Waviking, liliigawa Mercia vipande viwili, likachukua mashariki na kumwachia magharibi mfalme Ceolwulf wa Pili, yaani upande ule unaopakana na Wales. Kumbukumbu za Waingereza zinamkejeli Ceolwulf kama mtumishi mpumbavu wa mfalme, lakini zimeandikwa kwa macho ya Wessex, ufalme wa Waingereza wa kusini, ambako kumdunisha mtawala wa Mercia kulikuwa na faida. Sarafu zilizofukuliwa mwaka 2015 huko Watlington, Oxfordshire, zinaonyesha kuwa Alfred wa Wessex na huyo Ceolwulf walitoa fedha za aina moja, zenye picha ya watawala wawili wameketi pamoja. Hawakuwa bwana na kibaraka wa adui. Jina la aliyeongoza jeshi lililomuua Rhodri halikuandikwa popote. Mimi naona Mercia iliyopoteza nusu ya nchi ilikuwa na kila sababu ya kusaka kodi na mifugo kwa jirani wa magharibi aliyetoka kupigwa mwaka mmoja kabla. Ushahidi wa pembeni upo: mwaka 881 wana wa Rhodri waliwapiga watu wa Mercia kwenye mto Conwy, na mwandishi wa kumbukumbu akaongeza maneno machache ambayo si kawaida yake: kisasi cha Rhodri kutoka kwa Mungu. Kisasi hakimwangukii asiyehusika. Wakati huo Ceolwulf alikuwa ameshatoweka kwenye kumbukumbu, na aliyekuwa akishika Mercia ni Æthelred.

Huko nyuma, mfululizo wa vita ulikuwa hivi. Mwaka 844 baba yake, Merfyn Frych, alifariki, na mwaka huohuo kukawa na vita vya Cetill. Makala inasema Merfyn alifia Cetill. Hati inataja mambo hayo mawili yakiwa jirani tu, bila kusema moja lilisababisha lingine, wala kumtaja adui. Mwaka 853 Burgred wa Mercia aliomba msaada wa Æthelwulf wa Wessex, baba yake Alfred, wakaivamia Wales pamoja na kuwalazimisha watu wake kutii. Wakati huohuo Waviking waliiteketeza Anglesey. Kwa hiyo katika miaka kumi ya kwanza Rhodri alibanwa pande mbili, nchi kavu na baharini. Mwaka 856 akamuua Gorm, kiongozi wa Wageni Weusi. Huu ndio ushindi wake uliovuma kuliko wote, na ajabu ni kwamba unajulikana kwa kumbukumbu za Ireland, wala si za kwao. Waairishi walikuwa na sababu ya kushangilia: kundi la Gorm lilitua Ireland mwaka 851 na kuiteka Dublin.

Anglesey inahitaji maelezo zaidi ya yale mliyotoa, kwa sababu bila kisiwa hicho vita vya Rhodri haviwezi kueleweka. Ni kikubwa kuliko Mafia na kidogo kuliko Unguja, kimetengwa na bara kwa mlango mwembamba wa bahari uitwao Menai, na ardhi yake ni tambarare yenye rutuba wakati bara mkabala ni milima ya Eryri. Nafaka iliyolisha Gwynedd, ufalme wa Rhodri wa kaskazini magharibi mwa Wales, ilitoka huko, hata Wawelshi wakakiita kisiwa hicho mama wa Wales. Makao ya wafalme, Aberffraw, yalikuwa pwani yake ya kusini magharibi. Mkabala, ng'ambo ya bahari, iko Dublin, ambako Waviking walijenga kambi mwaka 841 na kufanya biashara ya watumwa. Mwaka 870 walizingira ngome ya Dumbarton, Scotland, kwa miezi minne, na mwaka uliofuata wakarudi Dublin na merikebu 200 zilizojaa mateka Waingereza, Wabritoni na Wapikti. Anayeishikilia Anglesey anashikilia ghala la chakula, na papo hapo amekaa kwenye njia ya merikebu hizo. Ukiona kumbukumbu zinataja kisiwa hicho tena na tena, usidhani mwandishi hakuwa na sehemu nyingine ya kutaja.

Mchoro mmoja wa makala unaonyesha boma la Llanbedrgoch, upande wa mashariki wa kisiwa, na kuliita ngome ya Rhodri. Makumbusho ya Taifa ya Wales yalichimba hapo kuanzia 1994, na ni kweli kuna ukuta wa mawe wenye upana wa karibu mita mbili, uliojengwa karne ya 9. Pia ilipatikana miili mitano iliyotupwa kwenye mtaro. Lakini hakuna maandishi yaliyopatikana pale yenye jina la Rhodri, wala hati inayomtaja huko. Andikeni boma la wakati wake, inatosha.

Sasa nasaba, ambako ndiko penye utamu na ndiko mlikoharibu zaidi.

Mchoro wenu unamshusha Rhodri kutoka kwa Cunedda, mwasisi wa ukoo wa Gwynedd, kwa mstari mmoja wa baba kwa mwana. Haiwezekani. Mstari wa wanaume wa ukoo ule ulikatika mwaka 825. Mambo yalianza na ugomvi wa Cynan ap Rhodri (ap ni mwana wa, na Rhodri huyo ni mwingine) na Hywel, waliopigania Anglesey kati ya 813 na 816. Hywel alishinda, akafukuzwa, akapigana tena, na Cynan akafa mwaka 816. Wakati wao wamekabana koo, Wasaksoni waliingia hadi milima ya Eryri na kulitwaa eneo la Rhufoniog, na mwaka 822 wakaibomoa ngome ya Degannwy na kuiweka Powys, ufalme jirani wa mashariki, chini yao. Hywel naye akafa 825. Aliyekalia kiti baada yake ni Merfyn Frych, yaani Merfyn mwenye madoadoa, ambaye baba yake, Gwriad (si yule mwana wa Rhodri), hakuwa wa ukoo wa Cunedda kabisa.

Alipataje kiti? Ile hati ya Harley inasema wazi: Rhodri ni mwana wa Merfyn, Merfyn ni mwana wa Etthil, binti Cynan. Katika orodha ndefu ya wanaume wanaofuatana kama shanga, jina la Etthil ndilo la mwanamke. Mnakili hakumficha, maana bila yeye kamba inakatika. Wasifu wa Gruffudd ap Cynan, mfalme aliyefariki 1137, unamtaja mwanamke huyohuyo lakini unamruka Merfyn, na kumfanya Rhodri kuwa mwana wa Etthil moja kwa moja. Ndiyo maana vitabu vingine humwita mke wa Merfyn badala ya mama yake. Kati ya habari mbili, naifuata ya Harley kwa sababu ni kongwe zaidi, na kwa sababu kumruka baba aliyetoka ng'ambo ni jambo ambalo mtunza nasaba wa mfalme angetamani kulifanya, wakati kumpachika mahali asipokuwepo hakuna faida kwa yeyote.

Wasomaji wa Tanzania wenye mazoea ya koo zinazofuata upande wa mama, kama za Waluguru, wanaweza kudhani Gwynedd ilikuwa vivyo hivyo. La. Kule ardhi na ufalme vilipita kwa wanaume, na mstari wa mama ulihitaji kutetewa. Vitabu vya sheria vya Wales, ambavyo nakala zake kongwe ni za karne ya 13, vina kipengele kiitwacho mamwys: ikiwa ndugu wamemwoza binti yao kwa mgeni kutoka nje, mtoto wake anaweza kudai urithi upande wa mama, kwa kuwa kwa baba hana ardhi. Sheria iliyoandikwa miaka 400 baadaye hatuwezi kuirudisha nyuma tukaifanya hati ya kesi ya Merfyn. Hata hivyo inatuonyesha ni hoja ya namna gani ingeeleweka katika nchi ile, na Merfyn, kwa baba mgeni na mama wa nyumbani, anaingia kwenye kipengele hicho barabara.

Kuhusu ugeni wake, mashairi ya zamani yanamwita Merfyn wa nchi ya Manaw. Jina hilo lilitumika kwa kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, na pia kwa eneo moja la kusini mwa Scotland. Katika karne ya 19 liliokotwa jiwe huko Man, parokia ya Maughold, lenye maneno mawili tu ya Kilatini: CRUX GURIAT, msalaba wa Gwriad. Uchongaji wake ni wa karne ya 8 au 9. Haujathibitisha kwamba ni Gwriad huyuhuyu, ila jina, mahali na wakati vinaoana kiasi kwamba wengi wameuchagua upande wa Man, nami ni mmoja wao. Upande huo wa baba nasaba inapanda kupitia Elidyr na Sandde hadi Llywarch Hen, na kwake hadi Coel Hen, watu wa kaskazini ya kale ya Wabritoni. Orodha hiyo imekuja katika hati ya Chuo cha Jesus, Oxford, ya karne ya 14. Kila familia kubwa ya Wales ilipenda kujinasibisha na kaskazini ile, kwa hiyo vizazi vitatu au vinne vya karibu ni vya kutumainiwa, vya juu yake ni heshima tu.

Halafu Powys. Mti wenu unasema mama wa Rhodri ni Nest, dada wa Cyngen mfalme wa Powys, na kwamba Cyngen alipokufa Roma, karibu mwaka 854, mpwa wake alirithi nchi. Nest hayumo kwenye nasaba za Harley kama mama wa Rhodri. Anatokea katika orodha za baadaye sana, ikiwemo ile ya Oxford. Wala hakuna kumbukumbu ya wakati ule inayosema Rhodri aliitawala Powys. Kinachojulikana ni kwamba baada ya Cyngen majina ya wafalme wa Powys yanakoma, na kwamba mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake Burgred alikuwa ameingia na majeshi mawili. Mercia ina haki ileile ya kudhaniwa kuwa mrithi.

Uhusiano mwema kati ya nyumba hizo mbili ulikuwepo, na ushahidi wake unafurahisha. Katika hati iliyoko Bamberg, Ujerumani, kuna fumbo ambalo Mwairishi mmoja, Dubthach, alilitunga katika makao ya Merfyn ili kuwapima wasomi wa Ireland waliopita pale wakielekea bara. Kila herufi ya Kilatini inapewa nambari kwa mpangilio wa alfabeti, bila J, kisha nambari inaandikwa kwa herufi za Kigiriki, ambazo Wagiriki walizitumia kuhesabia. M ni ya 12, kwa hiyo inaandikwa iota na beta, yaani kumi na mbili. E ni ya 5, inakuwa epsiloni. R ni ya 17, iota na zeta. I ni ya 9, theta. Ukilifungua lote unapata salamu: Merfyn mfalme anamsalimu Cyngen. Waairishi wanne walilifumbua, kisha wakamwandikia mwalimu wao Colgu jinsi ya kulifumbua ili wenzao wasiaibike wakifika. Lilikuwa jaribio, si barua iliyotumwa, lakini mtunzi alichagua majina ambayo masikioni mwa watu wa pale yalikaa pamoja bila kushangaza. Hilo linaruhusu ndoa, halithibitishi ndoa.

Cyngen mwenyewe aliacha jiwe, na jiwe halisemi mnachosema. Nguzo ya Eliseg, karibu na Llangollen, aliisimamisha kwa heshima ya babu wa baba yake, Elisedd, aliyeikomboa Powys kutoka kwa Waingereza kwa upanga na moto. Ilikuwa na mistari 31. Iliangushwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya karne ya 17, na maandishi tunayo kwa sababu Edward Lhuyd aliyanakili mwaka 1696 yalipokuwa bado yanasomeka kwa sehemu. Leo jiwe limelika kabisa. Cyngen anaipandisha nasaba yake hadi kwa Guarthigirn, mtawala wa kale wa Wabritoni, na mkewe Sevira, binti wa Maximus, aliyemuua mfalme wa Warumi. Huyo ni Magnus Maximus, ambaye askari wake walimuua Kaisari Gratian mwaka 383. Nest hatajwi katika kilichosomeka, wala Rhodri. Mlichofanya ni kumchukua Maximus wa Cyngen na kumpachika juu ya Rhodri kupitia mama ambaye ushahidi wake umechelewa karne nyingi.

Mkoa wa tatu ni Ceredigion pamoja na Ystrad Tywi, magharibi mwa Wales. Mfalme wake, Gwgon ap Meurig, alizama majini karibu mwaka 871, na inasemekana Rhodri alikuwa amemwoa dada yake, Angharad. Kwa hiyo Gwynedd kwa bibi, Powys kwa mama, Ceredigion kwa mke: wanawake watatu, falme tatu. Inapendeza mno, na hapo ndipo msomaji anapaswa kukaa macho. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nasaba za Harley zilipangwa kwa ajili ya Owain ap Hywel, kitukuu wa Rhodri, aliyefariki 988. Zinaanza na upande wa baba yake, kisha nasaba ya pili inaanza naye tena kwa upande wa mama, Elen, binti wa Llywarch wa Dyfed, ufalme wa kusini magharibi, kwa sababu Dyfed aliidai kupitia huyo mama. Mtu anayedai nchi kwa mama anafurahi kuonyesha kwamba babu zake walifanya vivyo hivyo. Na hata Dyfed haikuja kwa harusi pekee: Llywarch alikufa karibu mwaka 904, na mara baada yake Rhodri mwingine, ambaye wanahistoria wengi wanamwona kuwa ndugu yake, alikatwa kichwa Arwystli. Gwgon kuzama, mtu kukatwa kichwa, na shemeji kurithi. Ndoa ilitoa hoja, upanga ulisafisha njia.

Watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa Kilwa. Historia ya Kilwa ina matoleo mawili, la Kireno lililochapishwa 1552 na la Kiarabu, nayo hayakubaliani kuhusu sultani wa kwanza wa Kishirazi. Wataalamu hawakuchagua toleo tamu zaidi, walikwenda kuangalia majina kwenye sarafu.

Kuhusu wana watatu ambao makala inasema waligawiwa Wales na baba yao kabla ya kufa, hadithi hiyo imekuja na Gerald wa Wales mwishoni mwa karne ya 12, mtu ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa binti wa mfalme wa kusini wa ukoo huohuo. Asser, padri wa Wales aliyeandika mwaka 893, wakati wana wenyewe wako hai, anasema walikuwa sita, na anaeleza kwamba nguvu zao ndizo zilizomsukuma Hyfaidd wa Dyfed kwenda kujisalimisha kwa Alfred. Elise wa Brycheiniog naye aliwakimbia hivyohivyo. Anarawd, mkubwa wao, alijaribu kwanza urafiki na watu wa Northumbria, ulipokosa faida akaenda kwa Alfred mwenyewe, akapewa zawadi, naye Alfred akamsimamia katika kipaimara. Mwaka 895 Anarawd alikuja na Waingereza kuiteketeza Ceredigion na Ystrad Tywi. Mgawanyo wa amani wa urithi haufanani na hayo.

Ramani basi. Mmeipaka Wales yote rangi moja. Dyfed ilikuwa na wafalme wake hadi wakati wa Hywel, mjukuu wa Rhodri. Brycheiniog na Gwent zilikuwa na wafalme wao, na mwaka 848, wakati Rhodri yuko kitini, watu wa Brycheiniog walimuua Ithel mfalme wa Gwent bila kumwuliza mtu. Glywysing vivyo hivyo. Waairishi kumwita mfalme wa Wabritoni ni heshima ya wageni kwa mtu waliyemjua kuwa mkubwa wa kaskazini, na jina la Mawr, Mkuu, halimo katika kumbukumbu za wakati wake.

Mkichapisha tena, ombi langu ni dogo. Gwynedd na Anglesey ziwe na rangi nzito. Ceredigion na Ystrad Tywi rangi hafifu, kuanzia karibu 871. Powys iwe na mistari ya mshazari na alama ya kuuliza. Kusini pabaki peupe. Kwenye mti, kati ya Cynan na Merfyn aandikwe Etthil, Gwriad awekwe pembeni na mstari wake utoke Man kwa nukta nukta, Nest naye apewe nukta nukta, na Maximus arudishwe kwa Cyngen.

Msomaji wenu,
Upanga, Dar es Salaam